DADA STAA, KILO ZAKO NI SIRI YAKO, ILA KWENYE FOMU YA SKII UNAPOTOSHA WATU

Wadau, leo sina ubuyu wa nani kaachana na nani. Leo nina hasira, na nitaandika ndefu, kwa hiyo kama una haraka pita zako urudi jioni.

Wiki iliyopita staa wetu mmoja wa kike alikuwa Dubai. Simtaji. Mnamjua, na ukimtaja kwenye komenti naifuta, tusitafutiane kesi. Picha zilikuwa kali, siwezi kukataa: koti la pinki, miwani mikubwa, theluji nyuma, midomo imepauka kidogo kwa baridi lakini pozi liko palepale. Kwa picha sina neno. Hela yake, likizo yake.

Tatizo ni klipu. Baada ya picha akaposti klipu ya kutufundisha, eti mambo ambayo wahudumu wa theluji hawakuambii. La kwanza, ukijaza fomu punguza kilo, maana wanakuuliza mbele za watu na wao "haiwahusu". La pili, sema wewe ni mzoefu ili usipewe vifaa "vya watoto". La tatu, skii zikikuvuka mguuni, mwambie jamaa akaze mpaka mwisho, zikae. Na la nne, lililonimaliza kabisa, kama unaogopa kuvunjika basi achana na skii, chukua ule ubao mmoja, kwa sababu ubao "ukianguka unaachia wenyewe".

Manne yote si kweli. Hakuna hata moja la kubahatisha humo. Na watu wameweka mioyo na moto, "asante dada kwa elimu", wengine wanatag mashosti zao kwamba Desemba tukienda tukumbuke. Hapo ndo nikaona siwezi kulala na hili.

Mtaniuliza mimi nimejulia wapi, mtoto wa form four niliyezaliwa kwenye joto. Swali zuri. Kabla sijaanza kublogu nilikuwa Ghuba kwa mkataba wa miaka miwili, kwenye kituo kimoja cha theluji ya ndani. Sikitaji, na sio Ski Dubai ile ya Mall of the Emirates mnayoijua wote, iliyofunguliwa 2005 na ina mteremko mrefu wa mita 400. Kwingine. Kazi yangu ilikuwa kaunta ya vifaa. Unakuja, nakuuliza maswali, nakupa buti, narekebisha skii, unaondoka. Mwezi wa kwanza nilikuwa nanusa soksi za watu tu, baadaye Mnepali mmoja aliyekuwa fundi mkuu akanikalisha chini akanifundisha kazi. Ninachoandika hapa ni alichonifundisha yule bwana, pamoja na vitabu vya fundi nilivyokuwa nasoma usiku kwa sababu kule chumbani tulikuwa wanane na hakuna cha kufanya.

Tuanze na kitu chenyewe, maana nina uhakika dada staa hakijui jina. Kati ya buti na skii kuna kifaa kinaitwa baindingi. Mimi nitakiita kifungio. Kipo kipande cha mbele kinachoshika ncha ya buti na kipande cha nyuma kinachoshika kisigino. Unaingiza ncha kwanza, kisha unakandamiza kisigino chini, kinalia "tak", umefungwa. Watu wanadhani kazi yake ni kukushika, na hiyo ni nusu tu. Kazi yake ya pili, iliyo ngumu zaidi, ni KUKUACHIA. Ukianguka, ile skii ndefu inageuka kuwa wenzo kwenye mguu wako, kama unavyotumia bomba refu kufungua nati iliyogoma. Skii ikizunguka na mguu ukabaki umebanwa, kitu cha kutoa ni mfupa. Kwa hiyo mbele kinaachia kwa pembeni mguu ukijisokota, na nyuma kinaachia kwa juu ukipigwa kwenda mbele.

Hiki kitu kimelipiwa kwa miguu ya watu. Zamani ilikuwa unafungwa kwa mikanda na ngozi, ukianguka umeanguka na mbao zako. Kuna Mnorwe mmoja aliyehamia Marekani, Hjalmar Hvam, bingwa kabisa wa mchezo, 1937 akavunjika mguu, na kwenye shida hiyohiyo akabuni kifungio cha mbele kinachojiachia. Bingwa, wadau. Hakuwa mtu wa koti la pinki. Na tangu vifungio vya kisasa vienee, mivunjiko ya mfupa wa muundi kwenye skii imepungua sana. Kano za ndani ya goti bado ni shida, hilo nakwambia kabisa usije ukadhani kifungio ni hirizi, lakini muundi wameuokoa.

Sasa, kinajuaje kikuachie lini? Hakijui. Ni springi. Inakazwa kwa skrubu, na kuna kidirisha kidogo chenye namba kinachoonyesha imekazwa kiasi gani. Namba hiyo wanaiita DIN. Ndogo inaachia mapema, kubwa inashikilia. Na hiyo namba haitoki kichwani kwa mhudumu wala haitegemei kama amekupenda. Inatoka kwenye jedwali, na jedwali linakula vitu vitano tu: uzito wako, urefu wako, umri wako, unavyoteleza, na urefu wa soli ya buti kwa milimita. Basi. Ndo maana nakuuliza kilo. Sio umbea. Dada anasema haiwahusu, jamani, hicho ndicho kitu pekee kinachotuhusu! Jina lako silihitaji, wafuasi wako sihitaji, nahitaji kilo.

Jedwali limepangwa kwa mistari. Kilo 58 mpaka 66 mstari wake, 67 mpaka 78 mwingine, 79 mpaka 94 mwingine. Urefu nao hivyohivyo, sentimita 158 mpaka 166, 167 mpaka 178, 179 mpaka 194. Ukiangalia vizuri ni kama uzito umeongezewa mia. Uzito wako ukiangukia mstari mmoja na urefu mwingine, fundi anachukua ule mwepesi zaidi. Yaani kama wewe ni mfupi mnene kidogo, jedwali limeshakuhurumia, hata usingedanganya! Unaficha kilo bure. Ukiwa na miaka 50 au zaidi, unashushwa mstari mmoja tena. Watoto wadogo wa miaka tisa kushuka nao hivyohivyo.

Halafu lile swali la unavyotelezaje. Yapo makundi matatu. La kwanza ni mtu wa taratibu, anayeanza, anayependa mteremko mlaini. La pili ni wa kati. La tatu ni mkali, anayekimbiza kwenye miteremko mikali. Ukisema la pili unapandishwa mstari mmoja, la tatu miwili, maana yake springi inakazwa. Hapa ndo nawapata wanaume. Dada zangu wanapunguza kilo, kaka zangu wanaongeza ubingwa. Nimemhudumia staa mmoja wa kiume, wa vichekesho huyu, mtu mzima, mara yake ya kwanza kuona theluji nje ya friji, kaniambia mbele ya mademu wawili "niandike tatu". Nikamuuliza mara ngapi umeteleza, akasema "mimi najifunza haraka". Nikamwandika moja. Aliniripoti kwa meneja. Poa tu.

Na msijidanganye kwamba anayeanza anaanguka polepole kwa hiyo hana hatari. Ni kinyume. Mkali anaanguka kwa kasi, kishindo kikubwa, springi inasikia mara moja inaachia. Anayeanza anaanguka kama gunia linalolala, taratibu, skii moja imeenda huku mwili umeenda kule, mguu unajisokota kidogokidogo. Springi ikiwa imekazwa kuliko nguvu ya anguko lake, haiachii ng'o. Ndo maana anayeanza anawekewa namba ndogo. Sio kwamba ni "vya watoto", dada. Vya watoto vipo kweli, vina springi zao laini, na hata ungevitaka nisingekupa.

Sasa niwaambie kwa nini hii klipu imenikalia kooni.

Mwaka wangu wa pili kule alikuja binti wa kwetu, mtu wa pwani, anauza duka la manukato kwenye mall nyingine. Siku yake ya mapumziko, kaja na shosti yake. Tukapiga Kiswahili, nikafurahi, maana unaweza kumaliza wiki husikii "mambo vipi". Nikamuuliza kilo. Nyuma yake foleni, wanaume wamejaa. Kanitazama, kacheka, kasema "hamsini na tano". Wadau, binti alikuwa na sentimita 172, hilo la urefu hakuficha, na mwili wake mzuri tu wa mwanamke mwenye afya. Hakuwa hamsini na tano. Mimi niliona. Na nikaandika hamsini na tano, kwa sababu foleni ilikuwa ndefu na kwa sababu sikutaka kumuaibisha dada wa nyumbani. Baadaye hospitali walimpima, sabini na mbili.

Hesabu yake ikawa hivi. Kwa ukweli alikuwa mstari wa 67 mpaka 78, na kwa buti alilovaa namba yake ingekaa kati ya nne na tano. Kwa uongo akashuka mistari miwili, nikamwekea tatu. Akaingia. Skii ikamvuka mara ya kwanza akigeuka kidogo tu. Mara ya pili. Mara ya tatu akakaa chini kwenye benchi amekasirika, na hapo shosti yake akatoa simu. Kwenye simu kulikuwa na klipu ya staa mmoja, sio huyu wa wiki iliyopita, mwingine, mwanaume, naye alikuwa anatoa "elimu". Ushauri uleule: zikikuvuka, kaza. Hawakuja kaunta. Shosti alikuwa na kile kisu cha mfukoni chenye bisibisi. Wakazungusha skrubu wenyewe.

Hakuanguka kwa kasi. Walioona walisema alikuwa karibu amesimama kabisa, skii ya kushoto ikanasa ukingo, yeye akalalia kulia. Muundi. Mvunjiko wa kujisokota, ule ambao mfupa unapasuka kwa mshazari kama fimbo mbichi ukiipindisha. Zile skii zililetwa kaunta na mimi ndiye niliyezipokea. Kile kidirisha cha mbele, ya kushoto, kilikuwa kinasoma saba.

Alikaa miezi bila kusimama dukani. Mwajiri wake hakusubiri. Karudi nyumbani na vyuma mguuni na deni la wakala. Na mimi mpaka leo nikifikiria ile "hamsini na tano" naona ningeweza kufanya kitu kidogo tu: kumpa simu yangu aandike namba, nisome kimya, nimrudishie. Baada ya pale nilifanya hivyo kwa kila mtu mpaka mkataba wangu ukaisha. Unajua watu wanavyosema ukweli ukiwaruhusu waandike? Mtu ananiambia kwa mdomo sitini, kwenye simu anaandika sabini na nane na kiemoji cha kulia.

Kwa hiyo wewe unayekwenda Desemba, hiyo ndo mbinu. Unaona haya? Andika kwenye simu, mpe. Au omba mzani, sehemu nyingi wanao nyuma ya kaunta. Usimwambie kilo za picha, mwambie kilo za leo asubuhi.

Na skii zikikuvuka usikaze, RUDI KAUNTA. Mara nyingi hata shida sio springi. Theluji imeganda chini ya soli yako, buti halijakaa vizuri, ndo maana linachomoka. Kabla hujaingiza mguu piga buti kwenye fito au ukwangue chini. Mara nyingine ni ile nafasi ya mbele na nyuma, kipande cha kisigino kinatakiwa kikandamize buti kwenda mbele kwa kiasi maalumu, na kila kifungio kina alama yake ya kuonyesha. Fundi anaiangalia kwa sekunde mbili. Bisibisi ya shosti haiijui.

Kitu kingine mastaa mnachokifanya na mnatufundisha ujinga: kubadilishana skii kwa ajili ya picha. "Nipe zako nyekundu zinaendana na koti langu." Hapana! Zile skii zimerekebishwa kwa soli ya mwenzako. Angalia ubavuni mwa buti karibu na kisigino, kuna namba ya milimita, 295, 305, 315 na kadhalika. Hiyo ndiyo iliyotumika kuweka kifungio, sio saizi ya kiatu unayoijua. Hata ukibadilisha buti tu kwa sababu linabana, skii zirudi mezani zipimwe upya. Na hilo la kubana nalo, mnavaa soksi tatu na jinzi mnaichomeka ndani ya buti, halafu mnalalamika miguu imekufa ganzi. Soksi moja nyembamba ndefu. Suruali inabaki nje. Dole gumba linagusa mbele kidogo ukisimama wima, ukikunja magoti linarudi nyuma. Buti lililo kubwa ili "upate raha" linafanya kifungio chote kikose maana, kwa sababu mguu unacheza ndani.

Haya, ubao. Hapa dada staa ndo aliniua kabisa. "Ubao unaachia wenyewe." Dada yangu, kifungio cha ubao HAKIACHII. Hakijatengenezwa kiachie. Na kuna sababu: miguu yote miwili iko kwenye ubao mmoja, kwa hiyo haiwezi kuvutwa huku na kule kama kwenye skii mbili. Sasa fikiria mguu mmoja uachie na mwingine ubaki, ubao wote ungening'inia kwenye mguu mmoja na kuusokota. Ndo maana vinakushika vyote mpaka uvifungue kwa mkono. Mtu akienda na hiyo elimu yako, akaanguka akisubiri ubao uachie, atasubiri sana. Kwenye ubao wanaoanza wanaumia zaidi mikono, kwenye kifundo, kwa sababu wanaanguka na kujikinga na kiganja.

Kwenye ubao kuchagua na kufunga ni kazi nyingine kabisa, hakuna jedwali la kilo. Kifungio kinachaguliwa kwa saizi ya buti kwanza. Kisigino cha buti kikae nyuma kabisa, kikigusa ule mgongo uliosimama, na buti lisitoke kupita kiasi mbele wala nyuma ya ubao. Kama linazidi, lizidi sawasawa pande zote mbili, la sivyo ukilala upande mmoja vidole vinalima theluji. Kuna mikanda miwili, wa kifundo na wa vidole, ya meno meno. Kaza mpaka kisigino hakinyanyuki, basi. Ukikaza kama unafunga mzigo wa bodaboda miguu inakufa ganzi kabla hujashuka.

Kabla ya yote ujue mguu gani unatangulia. Njia rahisi ni ile tuliyocheza wote utotoni, sakafu imemwagiwa maji ya sabuni, unakimbia unateleza. Mguu gani ulikuwa mbele? Huo ndio. Mwambie mhudumu, kwa sababu ubao unafungwa kwa kufuata hilo. Upana kati ya miguu ni kama upana wa mabega yako, na anayeanza mguu wa mbele unageuzwa nje kidogo, digrii kumi na tano hivi, wa nyuma unageuzwa upande wa pili digrii chache. Usije na picha ya bingwa kwenye simu ukasema nifungie kama huyu. Bingwa anatumia kifungio kigumu kama ubao wa mlango kwa sababu anaruka. Wewe unataka laini, kinachosamehe. Na baada ya mizunguko miwili mitatu tingisha kila kifungio kwa mkono, skrubu zinalegea, nimeshaona mtu anashuka na kifungio kinazunguka kama feni.

Ah, na vile vya kukanyaga tu vinabana, visivyo na mikanda, Burton walivitoa 2017 wakaviita Step On, vina buti lake. Sio buti lolote. Kuna kaka mmoja mwenye wafuasi wengi aliagiza vifungio peke yake, akabaki anavipiga picha mezani. Hiyo sio hatari, inachekesha tu.

Mdau mmoja nilipogusia hili juzi akaniandikia "hii michezo ya wazungu inatuhusu nini, andika mambo ya maana". Nikujibu kwa heshima. Philip Boit, Mkenya wa Eldoret, alishiriki Olimpiki ya Nagano 1998 kwenye skii za masafa, na Bjørn Dæhlie aliyeshinda alimsubiri mwishoni amkumbatie. (Zile skii zake ni nyingine tena, kifungio kinashika ncha tu, kisigino kiko huru.) Sabrina Simader aliyezaliwa Kenya aliiwakilisha nchi hiyo Pyeongchang 2018 kwenye skii za mteremko. Kwa hiyo inatuhusu. Na hata kama isingekuwa hivyo, nimehesabu nani alikuwa anasimama kwenye foleni yangu. Wauza maduka, wahudumu wa hoteli, walinzi, madereva, vijana wa kwetu siku yao ya mapumziko, wamebana hela mwezi mzima waguse theluji mara moja wapige picha wamtumie mama. Hao ndio wanaangalia klipu zako, dada. Wewe una bima, una meneja, ukivunjika utapost picha ya kitandani upate maua na komenti laki moja. Wao wakivunjika wanarudishwa.

Nasikia watakaosema nina wivu, natafuta kiki kupitia jina la mtu. Jina lipi? Sijaliandika. Wengine watasema mwili ni wa mtu, asitaje kilo zake kama hataki. Nakubaliana kabisa! Asitaje Insta, asitaje kwenye intavyuu, mtangazaji akimuuliza amzabe swali lingine. Mimi nimeshawatetea hapahapa mastaa waliochekwa kwa kunenepa, posti zipo, tafuteni. Ila kaunta ya skii sio intavyuu. Pale kuna springi inayosubiri kuambiwa.

Nilimwandikia DM. Sikumtukana, nilimweleza kama nilivyowaeleza nyinyi, kwa ufupi, na nikamwambia habari za yule binti. Ikasomwa. Baada ya siku mbili akanijibu mtu anayejiita timu yake, eti klipu ilikuwa "burudani tu" na watu wazima wana akili zao. Nikamjibu basi ongezeni mstari mmoja chini, kwamba ushauri ule msiufuate. Hajajibu. Mpaka naandika hapa saa tano usiku klipu bado ipo, na leo mchana wameibandika juu kabisa kwenye ukurasa.

Mapovu ruksa kwenye komenti. Na kama kuna mtu aliyewahi kufanya kazi kaunta kama yangu, Dubai, Doha, popote, aandike uongo mkubwa zaidi wa kilo aliowahi kupewa. Wangu ni ndugu mmoja, kilo mia na kumi, aliyeniangalia machoni akasema sitini na tano.